Mahali Palipokuwa na Nyumba Mbili za Sala

Historia ya taifa haikuhifadhiwa katika vitabu peke yake. Imehifadhiwa pia katika ardhi. Mwanafunzi anayefika Kilwa Kisiwani au Kaole huyaona mawe ya kale yakiwa yamesimama, naye huamini mara moja kwamba hapo palikuwa na watu, palikuwa na ibada, palikuwa na biashara na utawala. Mawe humsaidia kuamini. Lakini nchi yetu ina mahali pengi ambapo hapakubaki jiwe hata moja, na wala hapana nguzo wala ukuta wa kumwonyesha mpita njia. Nyumba zilizosimama hapo zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na moto ulipopita zikawa majivu, na mvua ya masika ikayachukua majivu yale. Mahali kama hapo pana historia isiyopungua ile ya Kilwa. Tofauti ni kwamba msomaji wake hana budi kusoma bila ya maandishi na kutazama bila ya kuona.

Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za mahali pa namna hiyo katika nchi ya Ungoni, Mkoa wa Ruvuma. Habari yenyewe yahusu kanisa dogo la kwanza la Peramiho, lililochomwa moto Septemba 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Lakini habari za kanisa lile haziwezi kuelezwa kwa haki bila ya kueleza habari za nyumba nyingine iliyochomwa kabla yake, nayo ni nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama. Nyumba hizi mbili zilikuwa jirani. Zote mbili zilikuwa nyumba za sala. Zote mbili ziliteketezwa na mikono ya binadamu. Lakini moja hutajwa sana, na nyingine hutajwa kidogo. Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo twapenda walimu na wanafunzi walitafakari.

Peramiho iko kilomita zipatazo 24 magharibi ya mji wa Songea, katika nchi ya vilima na mabonde yenye maji. Leo mgeni akifika huona mji mzima wa misioni: kanisa kubwa la abasia lililojengwa katika miaka ya 1940, hospitali, shule, karakana na kiwanda cha kupiga chapa. Ni vigumu kwake kufikiri kwamba pale pale palipata kuwa jivu tupu. Hali kadhalika, akienda Maposeni, ambako ni mwendo mfupi kutoka hapo, ni vigumu kwake kufikiri kwamba hapo palikuwa makao ya mtawala aliyeogopwa na nchi nyingi.

Tuanze na watu wenyewe. Wangoni walitoka kusini ya mbali, katika nchi ya Natal, wakati wa misukosuko iliyozikumba nchi zile katika miaka ya 1820. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa. Na baada ya safari ya miaka mingi kundi hilo lilifika Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki karibu na mwaka 1848. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika. Sehemu moja, ikiongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete, ilielekea mashariki ya Ziwa Nyasa, ikawakuta Wangoni wengine wa Maseko waliotangulia, ikapigana nao na kuwafukuza. Ndipo zikasimama dola mbili za Wangoni: Njelu, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope, chini ya ukoo wa Tawete. Mtawala mkuu aliitwa Nkosi, na chini yake walikuwapo manduna waliosimamia majeshi na sehemu za nchi.

Hapana haja ya kuficha kwamba Wangoni nao walikuwa watekaji. Walivamia majirani zao, wakachukua mateka, ng'ombe na chakula, na wengi wa watu walioitwa Wangoni mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wana wa watu waliotekwa, kama Wandendeuli na wengineo. Waliotekwa waliitwa Wasutu. Lakini kama ilivyo kawaida ya historia, mtekaji naye hutekwa na utamaduni wa yule aliyemteka. Watoto wa Wangoni walilelewa na mama wa Kisutu, wakajifunza lugha ya mama zao, na lugha ya Zwangendaba ikazidi kufifia. Hivyo taifa la Ungoni lilikwisha kuwa mchanganyiko wa watu kabla Mzungu hajafika.

Katika taifa hilo la mchanganyiko, kitu kimojawapo kilichowaunganisha watu na mtawala wao kilikuwa heshima kwa mahoka, yaani mizimu ya wazee waliotangulia. Watu wa Ungoni walimjua Muumba, ambaye wao humwita Chapanga. Lakini Chapanga alikuwa mbali, na mahoka walikuwa karibu. Waliokufa hawakuhesabiwa kuwa wameondoka. Walihesabiwa kuwa wamehama chumba tu. Mvua ilipochelewa, ugonjwa ulipoingia, au jeshi lilipokuwa likijiandaa kwa safari, wazee waliwaendea mahoka kwa sadaka na maneno ya kuomba. Kila ukoo ulikuwa na mahoka wake. Lakini mahoka wa Nkosi walikuwa mahoka wa nchi nzima. Kwa hiyo nyumba ya mahoka iliyokuwa kwa Nkosi haikuwa kibanda cha mtu binafsi. Ilikuwa hekalu, na ilikuwa pia hazina ya kumbukumbu, maana ndani yake majina ya watawala waliopita yalitajwa na kuhifadhiwa. Mtu aliyeitazama kwa nje aliona nyasi na miti. Aliyezaliwa katika nchi ile aliona babu zake.

Wajerumani walifika Ungoni mwaka 1897 na kujenga boma lao mahali palipoitwa baadaye Songea, kwa jina la Nduna Songea Mbano. Mwaka uliofuata, 1898, serikali yao ilitangaza kodi ya nyumba katika koloni lote. Na mwaka huo huo wa 1898 wakafika Peramiho wamisionari wa Shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia. Shirika hilo lilikuwa changa bado. Lilianzishwa Ujerumani mwaka 1884, na wamisionari wake wa kwanza walifika pwani yetu mwaka 1888 na kujenga Pugu. Makao yale ya Pugu yalishambuliwa na kuharibiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri. Baadaye walikwenda kusini, wakafungua misioni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, kisha Peramiho, na mwaka 1899 Kigonsera.

Aliyeianzisha misioni ya Peramiho alikuwa Padre Cassian Spiss. Huyu alikuwa mtu wa elimu na bidii. Alijifunza lugha za wenyeji, na mwaka 1904 uchunguzi wake juu ya Kingoni na Kisutu ulichapishwa Ujerumani. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu laonyesha kwamba hata katika watu wale waliokuja pamoja na ukoloni walikuwamo waliosikiliza kabla ya kusema. Mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha bila ya kukaa chini na kuwasikiliza wenye lugha yao. Mwaka 1902 Spiss alipewa cheo cha askofu, akahamia Dar es Salaam.

Kanisa la kwanza la Peramiho lilikuwa nyumba ya sala na wakati huo huo lilikuwa mlango wa mambo mengi mapya. Misioni iliwakusanya watoto na kuwafundisha kusoma na kuandika. Kengele iligawanya siku katika saa za kazi na saa za sala, jambo ambalo halikujulikana mahali ambapo siku iligawanywa na jua. Mafundi walifundisha useremala na ujenzi. Watu wengine walivutiwa na elimu hiyo, wengine walitafuta kinga, na wengine waliamini kwa dhati. Manduna nao walitazama kwa wasiwasi, maana kila kijana aliyekwenda kulala misioni alikuwa kijana mmoja aliyepungua katika jeshi na katika mashamba ya wakubwa.

Hapakuwa na kosa la nyumba mbili za sala kusimama katika nchi moja. Nchi yetu leo ina misikiti na makanisa yanayotazamana, na watu wake huzikana na kuoleana. Kosa lilikuwa ni kufikiri kwamba nyumba moja haiwezi kusimama mpaka nyingine imeanguka.

Baada ya Spiss, miongoni mwa mapadre wa Peramiho alikuwako Padre Franziskus Leuthner. Katika jitihada zake za kuikomesha dini ya jadi, ambayo kwake ilikuwa ibada ya sanamu na giza tupu, padre huyu aliitia moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa. Tendo hilo lilitendeka kabla ya vita, katika wakati wa amani, na aliyelitenda alikuwa mgeni aliyepewa nafasi ya kukaa. Bila shaka yeye mwenyewe aliamini kwamba atenda wema. Lakini tujiulize: ingekuwaje kama Mngoni mmoja angekwenda usiku kulichoma kanisa kwa kuwa ameamini kwamba sala za humo zinazuia mvua? Angeitwa mhalifu, naye angeadhibiwa na boma. Padre aliyechoma nyumba ya mahoka hakupelekwa Songea kufungwa. Hiyo ndiyo maana halisi ya ukoloni: tendo moja hupewa majina mawili, kufuatana na rangi ya mkono ulioshika kijinga cha moto.

Kwa Nkosi Mputa pigo lile lilikuwa zito kuliko kodi. Kodi humchukulia mtu mali, na mali hupatikana tena. Kumchomea mtu mahoka wake ni kumwambia kwamba baba zake si kitu, na kwamba yeye mwenyewe hana mahali pa kusimama mbele ya watu wake. Wazee wetu husema kwamba aliyechoma ghala amechoma mwaka mmoja. Lakini nyumba ile ilikuwa ghala ya miaka yote. Kwa hiyo tunapowafundisha wanafunzi sababu za Vita vya Maji Maji, tukataja kodi, kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba, tusisahau kuongeza, kwa upande wa Ungoni, dharau hii. Pamba ililimwa kwa nguvu katika nchi ya Wamatumbi na jirani zake wa pwani ya kusini. Ungoni watu walikuwa na malalamiko yao wenyewe: utawala uliovunjwa, vijana waliochukuliwa, na wazee waliotukanwa hata kaburini.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, huko Nandete, watu walipong'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini maji yalikwisha kusafiri. Wanafunzi wengi wamekwisha kukutana naye katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969. Tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, akiwa safarini kuelekea misioni za kusini, alikutana na wapiganaji mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale, akauawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliofuatana naye. Yule aliyeandika sarufi ya Kingoni hakuiona tena Peramiho. Misioni ya Nyangao nayo ikachomwa, na sista mmoja akauawa.

Maji yalipofika Ungoni, Nkosi Chabruma wa Mshope na Nkosi Mputa wa Njelu waliyapokea. Mapema Septemba mapigano yalianza, na katika mwezi huo huo wapiganaji wa Njelu waliingia Peramiho. Kanisa likachomwa pamoja na nyumba za misioni. Yote yaliyojengwa tangu 1898, yaani miaka saba ya kazi, yaliteketea. Misioni ya Kigonsera nayo ilikumbwa na vita. Padre Leuthner hakunusurika. Aliuawa na wapiganaji katika vita hiyo.

Hatusemi kwamba kifo chake kilikuwa haki. Mauaji ya mtu asiye na silaha hayageuki kuwa haki kwa sababu ya kosa lake la jana. Wala hatusemi kwamba watoto waliokuwa wakijifunza kusoma katika misioni ile walistahili kuona shule yao ikiwa makaa. Tunasema tu kwamba moto wa Septemba haukuwa moto wa kwanza. Mwandishi yeyote anayeanza hadithi ya Peramiho kwa kanisa kuchomwa ameanzia katikati, naye atamfanya Mngoni aonekane mtu aliyeamka asubuhi moja bila ya sababu akachukia nyumba ya Mungu. Anayeanzia kwenye nyumba ya mahoka ndiye aliyeanza mwanzo.

Matokeo ya vita yanajulikana. Maji hayakuzuia risasi. Oktoba 1905 kikosi cha Wajerumani kilichotoka Mahenge kiliwashambulia ghafla Wangoni waliokuwa wamepiga kambi Lumecha, na nguvu za majeshi makubwa zikavunjika. Tangu hapo vita ikawa ya kuvizia. Wajerumani wakatumia silaha mbaya kuliko bunduki: waliteketeza mashamba, waliyachoma maghala, na kuwanyang'anya watu akiba ya mbegu. Njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja vifo 75,000 katika nchi yote ya vita. Wanahistoria waliochunguza baadaye, kama marehemu Gilbert Gwassa, wamekadiria vifo kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao ni watu waliokufa kwa njaa. Nkosi Chabruma alikimbilia Msumbiji, na huko akauawa. Nkosi Mputa alikamatwa.

Tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Ungoni walinyongwa mjini Songea. Mashujaa 67 hukumbukwa kwa tukio hilo, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama na Nduna Songea Mbano. Walizikwa katika kaburi la pamoja, isipokuwa Nduna Songea aliyezikwa peke yake. Na kwa muda mrefu wazawa wake wamekuwa wakilitafuta fuvu lake huko Ujerumani.

Kabla ya kunyongwa kwao, Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliwaendea gerezani, akawafundisha na kuwabatiza waliokubali. Nkosi Mputa alikuwa miongoni mwa waliobatizwa. Hapa historia yetu inafika mahali pagumu, na mwalimu ataulizwa na wanafunzi: Je, mtu huyu ambaye mahoka wake walichomwa, na ambaye watu wake walilichoma kanisa, alikubalije ubatizo siku zake za mwisho? Wako watakaosema kwamba ni woga. Wengine watasema kwamba ni imani ya kweli iliyomfikia saa ya mwisho. Wengine watasema kwamba mtu aliyenyang'anywa mahoka wake alihitaji kupewa mahali pa kwenda baada ya kufa, na aliyempa mahali hapo alikuwa padre. Sisi twaona kwamba hakuna mtu aliyesimama nje ya gereza lile awezaye kumhukumu yeye aliyekuwa ndani. Jambo moja ni wazi: mtu yule hakuwa mnyama wala shetani kama alivyoandikwa na maadui zake, wala hakuwa sanamu ya shaba kama tunavyopenda kuwachora mashujaa wetu. Alikuwa mtu, tena mtu aliyebeba msiba wa nchi mbili kifuani mwake.

Misioni ilirudi. Peramiho ilijengwa upya, na watu waliovunjwa na njaa walikwenda huko kutafuta chakula, dawa na mafundisho. Ungoni nyingi ikawa nchi ya Wakatoliki. Katika miaka iliyofuata Peramiho ilikuwa makao ya abasia. Ilitoa walimu, mapadre, mafundi na wauguzi. Kuanzia mwaka 1937 ilichapisha gazeti la Mwenge, ambalo lilisomwa na watu wengi kwa Kiswahili. Na hospitali yake imewatibu watu wa dini zote. Ingekuwa utovu wa shukrani kuyakana mambo haya. Hata vitabu vilivyohifadhi mila za Wangoni vimo miongoni mwa kazi za wamonaki wa Peramiho: Padre Elzear Ebner aliandika historia ya Wangoni iliyotolewa mwaka 1959. Wana wa shirika lile lile lililochoma nyumba ya mahoka ndio walioketi baadaye na wazee wakaandika yaliyokuwa yakitajwa ndani yake. Hapo pana somo kwamba jamii za watu hujifunza, ingawa hujifunza kwa kuchelewa.

Lakini nyumba ya mahoka haikujengwa upya. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya majivu haya na yale. Kanisa lililochomwa liliandikiwa barua kwenda Ulaya. Waliokufa ndani ya misioni waliandikwa majina na tarehe, na wakaombewa kila mwaka. Nyumba ya mahoka haikuwa na karani. Habari zake zilikaa vinywani mwa wazee, na wazee wengi walikufa kwa kamba na kwa njaa. Kama si watu waliokwenda kusikiliza, zingepotea kabisa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa katika wilaya zao kuwahoji wazee juu ya Maji Maji, katika mpango wa utafiti uliosimamiwa na Idara ya Historia. Miongoni mwa matunda ya kazi iliyofanyika Ungoni ni kijitabu cha Mapunda na Mpangara, kilichotolewa mwaka 1969. Vijana wale hawakwenda na majembe ya kuchimbua. Walikwenda na daftari, wakaketi vigodani, wakasubiri mzee amalize kunusa tumbaku yake, na ndipo historia ikaanza kusemwa.

Tunapenda kila mwalimu wa sekondari aitazame kazi ile kama mfano. Shule nyingi zimejengwa juu ya mahali pasipo na alama. Uwanja wa mpira huenda ulikuwa makaburi; shamba la shule huenda lilikuwa kambi ya misafara; mwembe ulio mbele ya ofisi huenda ulipandwa na mtu aliyetoka utumwani. Mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali manne kila anapofika mahali patupu. Kwanza, palikuwa na nini hapa? Pili, nani aliyekiondoa, na kwa sababu gani? Tatu, kabla ya hicho palikuwa na nini kingine? Nne, nani aliyeandika habari hizi, na nani hakupata kalamu? Swali la tatu ndilo husahaulika sana, nalo ndilo lililotuongoza kutoka kwenye kanisa hadi kwenye nyumba ya mahoka.

Katika mji wa Songea iko Makumbusho ya Maji Maji, na kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wao. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Songea, akakutana na wazawa wa Nduna Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Kuomba msamaha baada ya miaka zaidi ya 100 hakumrudishi hata mtu mmoja, wala hakulijazi ghala moja lililochomwa. Hata hivyo ni neno zito, maana ni kukiri mbele ya watu kwamba moto ulikuwa na wenyewe. Na neno la kukiri lina deni lake: aliyeombwa msamaha naye hana budi kuyajua yale anayoyasamehe, la sivyo atasamehe asichokijua.

Kwa hiyo twasema, kumbukumbu yetu ya Peramiho isiwe ya kuchagua. Mkristo anayepaheshimu mahali pa kanisa la kwanza, na apaheshimu vilevile mahali pa nyumba ya mahoka, maana babu zake walisali hapo kabla hajazaliwa mtu wa kumbatiza. Na mzalendo anayejivunia vita vya babu zake, asiache kumwombolezea Cassian Spiss na wenzake, waliokufa njiani wakiwa ugenini. Kuwaombolezea hawa si kuusifu ukoloni, na kuwaheshimu mahoka si kuikana dini. Taifa lililokomaa lina kifua cha kubeba misiba yote miwili.

Kijana anayepita njia ya Maposeni hataona kitu. Ataona mahindi, mihogo, na njia ya wachota maji. Lakini akiwa amefundishwa vizuri, atapunguza mwendo kidogo, avue kofia yake, na akifika nyumbani amwulize bibi yake majina ya wazee waliotangulia. Bibi akiyataja, naye kijana akayaandika katika daftari lake la shule, basi sehemu ya nyumba ile iliyochomwa itakuwa imejengwa upya.